Barua kwa rais ambaye Butembo na Beni hatukumpigia kura

Mu kabati ya sendika yetu kunalala barua moja tangu mwezi wa pili. Ni kurasa mbili tu. Tunaomba mambo ambayo kila mchimbaji wa Kivu ya Kaskazini anayajua: fasi ya kuchimba inayotambuliwa na sheria, njia ya Manguredjipa ipitike hata wakati wa mvua, na barieri za watu wenye bunduki ziondoke njiani. Kwa hayo hakuna aliyebisha. Tuligombana juu ya mstari wa kwanza peke yake: "Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri."

Mzee mmoja wa komite, aliyeanza kuchimba zahabu zamani za Mobutu, aliweka kalamu chini. Akauliza: "Rais ya nani? Mimi sikuvota. We ulivota? Huyu ni rais ya bengine." Kijana aliyeandika barua akamjibu: "Papa, basi tuko mu Congo ao tuko inje ya Congo?" Hakuna aliyecheka. Tulifunga mkutano bila kusaini.

Msomaji wa Kinshasa ao wa Lubumbashi anaweza kufikiri kwamba ugomvi wetu ni ule wa kila mahali, wengine wa Fatshi, wengine wa Fayulu. Hapana. Kwetu kunatangulia swali lingine, na ni lazima turudie namna mambo yalivyokwenda, juu watu wanaanza kusahau.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku 4 tu mbele ya kura, CENI ilitangaza kwamba Butembo, mji wa Beni na teritware ya Beni, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, watapiga kura mwezi wa tatu. Kwetu walitoa sababu mbili: Ebola na usalama mubaya. Sasa, Ebola tulikuwa nayo tangu tarehe 1 Agosti, ilipotangazwa Mangina. Miezi hiyo yote soko ilikuwa wazi, kanisa zilijaa, watoto walikwenda masomo, na wagombea walikuja hapa kufanya kampeni mbele ya umati wa watu. Tulikwisha kuzoea kunawa mikono na maji ya klore kila mlango. Halafu mwezi wa tatu, wakati rais anapashwa kuapa mwezi wa kwanza! Mama anayeuza sombe sokoni alifanya hesabu hiyo mbele ya wanasheria.

Kesho yake Beni iliwaka. Watu wenye hasira waliingia mu kituo cha Ebola, wakaharibu, na wagonjwa waliokuwa wanangojea majibu ya damu wakakimbia. Jambo hilo lilikuwa baya na sisi wa sendika tulilisema siku ile ile. Lakini tarehe 30 Desemba, siku ya Mungu, watu wa Beni walifanya kingine. Walipanga mistari mirefu, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi za kuandika na mkono, wakahesabu mbele ya wote. Fayulu akashinda. Kura ile haina nguvu mbele ya sheria, tunajua. Wenzetu waliosimama pale kwenye jua walijua pia.

Usiku wa tarehe 10 Januari CENI ikatoa hesabu yake: Félix Tshisekedi kura 7.051.013, Martin Fayulu 6.366.732, Emmanuel Ramazani Shadary wa upande wa Kabila nyuma yao. Toa moja kwa nyingine, unapata 684.281. Na sisi tuliofungiwa inje, pamoja na ndugu zetu wa Yumbi, tulikuwa zaidi ya 1.200.000 mu daftari ya CENI.

Hesabu hiyo ndiyo ilizungushwa Furu, pale watu wanasimama asubuhi kuzungumza siasa, mpaka ikajulikana kama sala. Mchimbaji anaielewa upesi. Ukileta zahabu yako kwa mununuzi, naye aondoe jiwe moja la mizani kabla ya kupima, huwezi kupokea bei yake hata akikuonyesha kwamba sindano imesimama katikati. Bei inaweza kuwa nzuri. Lakini mizani ilikwisha guswa.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Kijana wetu yule wa barua alitufanyia hesabu ya pili ambayo haikutupendeza. Mu nchi nzima hata nusu ya walioandikishwa hawakufika kupiga kura. Kama kwetu pia wangefika kwa kipimo hicho, tungepata kura karibu 600.000, na hata zote zikienda kwa Fayulu, hazingefikia ile tofauti ya 684.281. Mzee akamkatiza: "Wale ba Beni bali­simama mustari kwa kura ya bure, kwa kura ya kweli bangelala nyumbani?" Hakuna anayeweza kumshinda mwenzake hapo. Pale ambapo hakukuhesabiwa, kila mutu anabaki na hesabu yake, na ataipeleka mpaka kaburini.

Mwaka 2019 kulikuwa na waliompokea rais mpya, na si wachache kama watu walivyosema. Kati yetu wapo walioingia siasa kwa jina la baba yake. Etienne Tshisekedi alianzisha UDPS na wenzake mwaka 1982, akafungwa, akafukuzwa, akafa Bruxelles tarehe 1 Februari 2017, na mwili wake ulikaa kule mpaka ukarudi nyumbani mwezi wa tano 2019. Wanasema: mtoto wa mutu kama huyo hawezi kuwa chombo cha Kabila. Wanasema pia kwamba tarehe 24 Januari, kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1960, rais mmoja alimpa mwingine kiti bila damu, na Kabila aliyekaa miaka 18 akashuka. Mwezi wa tatu rais mpya alitangaza programu yake ya siku 100, na akasamehe wafungwa wa kisiasa mamia kadhaa. Mama mmoja muuza mafuta, ambaye si mwanachama wa chochote, alitufungia mdomo: "Nyie mulitaka Kabila atoke. Ametoka. Sasa munalia nini?"

Waliomkataa walijibu kwamba Kabila hakutoka, alisogea tu. Mwaka 2019 FCC yake ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 kwa 500, na bila wao rais hakuweza kuweka waziri mkuu. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi 40.000, walisema wazi kwamba hesabu ya CENI haifanani na yao. Gazeti Financial Times la Uingereza lilipata hesabu zilizotoka mu mashini za kura, zikampa Fayulu karibu 59 kwa 100. Hata Umoja wa Afrika uliomba tangazo la mwisho lingojee. Mahakama ya Katiba haikungojea. Hapa kwetu tena Fayulu aliletwa na mtoto wa nyumbani, Mbusa Nyamwisi, na katika mji wetu jambo hilo halisahauliki upesi.

Butembo na Beni hawakasiriki namna moja, ingawa ni mwendo wa kilomita 50 na kitu. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Mutu anaweza kumchukia rais siku yote, na magharibi anauliza kama dola itashuka na kama douane ya Kasindi itapunguza. Beni wanauliza jambo moja tu. Tangu Oktoba 2014 wanazika watu waliochinjwa usiku, Mbau, Oicha, Eringeti, mpaka ndani ya mji. Mwenzetu wa kule alituambia: "Atakaye­simamisha panga, huyo ni rais yangu, hata kama aliiba." Sisi wa Butembo tulinyamaza. Ni rahisi kulinda ukweli wa kura ukiwa unalala na mlango wazi.

Na kulikuwa na jambo ambalo lilituogopesha kupita siasa. Tangu Desemba 2018 watu wengi walisema "Ebola ya kura": ugonjwa uliletwa ao ulikuzwa ili tusichague. Kutoka neno hilo mpaka jiwe si mbali. Tarehe 24 Februari kituo cha Katwa kilichomwa, tarehe 27 kituo cha Butembo kikashambuliwa, Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha kazi yao mu vituo hivyo. Mwisho wa Machi 2019 wagonjwa walikuwa wamepita 1.000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 600. Mmoja wao alikuwa wa sendika yetu. Alikuwa na mke, watoto wanne, na shimo alilochimba na wakwe zake. Watu wa Riposte walikuja mara mbili kumpa chanjo, juu jirani yake alikwisha kuugua, na mara zote mbili aliwafukuza. Alituambia mbele ya wote: "Banyanganye kura yangu, halafu banipige sindano?" Tulicheka siku ile. Tulipaswa kumwambia kitu, na hatukumwambia. Tulimzika kwa mbali, tukitazama watu wenye nguo nyeupe wakishusha sanduku.

Ndiyo sababu tulirudia ile barua. Tarehe 31 Machi walituletea mashini za kura hatimaye, kuchagua wabunge wa taifa na wa jimbo. Wengine wetu walikataa kwenda. Wengi tulikwenda, tukanawa mikono mlangoni kama sokoni, tukagusa picha ya mbunge tunayemtaka, na mutu akitafuta picha za wagombea urais hakuziona. Ebola ilikuwa bado iko, tena yenye nguvu kuliko mwezi wa kumi na mbili. Basi ile sababu ya Desemba ilikwenda wapi?

Juma hili komite ilikutana tena. Kijana akaleta hoja ya kisendika: mkurugenzi wa kampuni hatukumchagua, lakini kila mwaka tunamuandikia na kumuita mkurugenzi, juu yeye ndiye ameshika kalamu ya mishahara. Mzee akajibu: "Mukurugenzi hasemi kama ni mimi nilimuweka." Lakini mwingine akafungua Kodi ya Minji, ile tunayoitegemea katika barua, inayosema kwamba kwa kila 100 ya redevansi, 25 ni za jimbo na 15 ni za mji ao sekta yenye shimo. Akatuonyesha tarehe: 9 Machi 2018. Na sahihi? Ya Kabila, ambaye muda wake ulikuwa umekwisha tangu Desemba 2016. Sisi hatukukataa sheria hiyo juu ya mkono ulioisaini, tuliikimbilia. Na kama tunafungua kumbukumbu, mwaka 2006 ni sisi wa mashariki tuliompa Kabila huyo kura kwa wingi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akatupa njia yake mwenyewe. Futeni jina, alisema. Barua iende kwa "Urais wa Jamhuri," kwa ofisi, bila Mheshimiwa na bila Tshisekedi. Na juu ya ombi la kwanza muongeze lingine: siku ambapo nchi itachagua rais tena, Butembo na Beni wapige kura siku moja na wengine, Ebola iwepo ama isiwepo.

Kijana alisema ombi hilo halihusu migodi. Tulipiga kura, mikono juu. Kumi na moja wakakubali, watatu wakakataa, na mzee mwenyewe hakuinua mkono upande wowote. Barua imeandikwa upya na itaondoka na gari ya Goma siku ya kwanza. Iko na sahihi kumi na tatu. Nafasi ya kumi na tano, chini kabisa, tumeiacha na jina la marehemu wetu, bila sahihi. Ya kumi na nne ni ya mzee, na bado ni nyeupe. Anasema ataona mpaka siku ya Mungu.