"Hamsini kwa Mia": Utata wa Istilahi za Vipimo Baina ya Ruiru na Thika

Makala hii inachunguza utata unaozuka pindi istilahi ya hisabati inapotoka mikononi mwa mtaalamu na kutumiwa na umma. Mfano wake ni ploti. Mashamba ya kahawa ya Ruiru, Juja na Thika yamekuwa yakigawanywa kuwa makazi, hasa baada ya barabara kuu ya Thika kukamilika mwaka 2012, na mabango ya wauzaji aghalabu huandikwa "50 x 100".

Kwa mpima ardhi, alama hiyo ni ya kuzidisha: futi 50 mara futi 100 ni futi 5,000 za mraba. Kwa mnunuzi si tendo la hesabu bali ni jina la ploti, ambayo pia huitwa moja ya nane ya eka. Eka ni futi 43,560 za mraba. Sehemu yake ya nane ni 5,445. Majina yanayodhaniwa kuwa visawe yanatofautiana kwa futi 445 za mraba, eneo la kutosha nyumba ndogo ya vyumba viwili.

Lugha nayo ina mchango wake. "Kwa" hutaja pande mbili za kiwanja, hutaja asilimia (kumi kwa mia), na hutaja matokeo ya kandanda (mawili kwa moja). "Thumuni", neno ambalo lingefaa mno hapa, lilikwisha kuchukuliwa na sarafu: wengi wakilisikia hufikiria senti 50, yaani nusu ya shilingi, wala si sehemu ya nane ya kitu chochote. Soko lilimtangulia mwanaistilahi.

Mgogoro huzuka hatimiliki inapotolewa. Hati hutumia hekta, tuseme 0.045, tena chini ya neno "takribani". Mnunuzi huziona sifuri mbili akahisi amepunjwa. Mtaalamu huzidisha kwa 10,000, akapata mita 450 za mraba, na kumtuliza. Hata hivyo, mita hizo ni kama futi 4,844 tu za mraba: pungufu ya bango kwa 156, na pungufu ya "moja ya nane" kwa 601. Sifuri zilizomtisha hazikumpunguzia kitu. Upungufu ulijificha katika jina alilolizoea. Na "takribani", ambayo kwa mpima ardhi hueleza kiwango cha usahihi wa ramani, yeye huisoma kama hila.

Mkataba ungeandika mita 15.24 kwa 30.48, na eneo likatajwa kando kwa mita za mraba, mnunuzi angeweza kulilinganisha na ramani kabla ya kulipa arabuni.