Santuri hutunza sauti, lakini jina je?



Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa jirani alinikuta sebuleni nikisikiliza muziki wa kantri. Akacheka. "Shikamoo mzee," akasema, "hata wewe? Hizo si nyimbo za wazungu wenye kofia pana na farasi?" Niliitikia salamu yake, nikamwambia aketi, kisha nikampigia nyimbo nne za zamani ninazozipenda kupita zote. Leo nataka nikusimulie na wewe nyimbo hizo, kwa sababu karibu kila moja ina mtu aliyejificha ndani yake.

Kwanza, kantri ni nini? Ni muziki wa watu wa mashambani na milimani kusini mwa Marekani: wakulima, wachimba makaa, wafanyakazi wa reli. Fidla yao ilitoka Ulaya pamoja na mababu zao. Banjo haikutoka Ulaya. Asili yake ni ala za Waafrika wa magharibi waliopelekwa huko utumwani. Kwa hiyo tangu mwanzo chungu kilikuwa kimoja, ingawa wapishi walikaa meza mbalimbali.

Mwaka 1927, mwishoni mwa Julai, bwana mmoja aitwaye Ralph Peer, aliyefanya kazi na kampuni ya santuri ya Victor, alipeleka mitambo yake katika mji wa Bristol, ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia. Alitafuta waimbaji wa vijijini, naye alilipa dola 50 kwa kila wimbo. Tarehe 1 Agosti ikafika familia ya Carter kutoka milima ya Virginia: bwana A.P. Carter, mkewe Sara, na shemeji yao Maybelle, binti wa miaka 18 aliyekuwa mjamzito. Siku tatu baadaye akaingia Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa zamani kutoka Mississippi, ambaye tayari alikuwa na kifua kikuu. Katika siku hizo chache wakapatikana waimbaji wawili wakubwa wa mwanzo wa muziki huu.

Wimbo wangu wa kwanza ni Wildwood Flower, waliourekodi akina Carter mwaka 1928. Usiyajali sana maneno; sikiliza gitaa la Maybelle. Dole gumba linaimba wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene, huku vidole vingine vikikwaruza nyuzi nyembamba kushika mwendo. Gitaa moja linafanya kazi ya watu wawili. Wapigaji wengi waliokuja baadaye walijifunza hapo.

Wa pili ni Cannonball Blues wa mwaka 1930, wa familia hiyo hiyo. Wimbo huo walifundishwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi. A.P. Carter alizunguka naye vijijini kutafuta nyimbo za wazee. Carter aliandika maneno, na Riddle, mwenye sikio kali, alizishika sauti na kuzirudisha nyumbani. Maybelle mwenyewe alijifunza kwake baadhi ya mbinu za kupiga gitaa. Walakini, wanunuzi wa santuri walisoma jina la familia ya Carter tu.

Wa tatu ni Blue Yodel No. 9 wa Jimmie Rodgers, uliorekodiwa California mwezi Julai 1930. Rodgers alikuwa na mtindo wa kuvunja sauti, akiruka ghafla kutoka nene hadi nyembamba. Lakini humo utasikia tarumbeta inayomjibu kila ubeti, kama watu wawili wanaozungumza barazani. Mpigaji ni Louis Armstrong, na piano inapigwa na mkewe, Lil Hardin. Wakati huo, katika majimbo mengi ya kusini, watu hao wasingeruhusiwa kula chumba kimoja na Rodgers. Kwenye santuri wamekaa pamoja. Jina la Armstrong, hata hivyo, halikuandikwa juu yake.

Wa nne ni I'm So Lonesome I Could Cry wa Hank Williams, wa mwaka 1949. Ni wimbo wa upweke usio na makeke. Hank alifariki tarehe 1 Januari 1953, akiwa na miaka 29 tu. Utotoni huko Alabama alifundishwa gitaa na Rufus Payne, mwanamuziki mweusi wa mitaani. Hank mwenyewe alilikiri hilo hadharani. Payne alifariki maskini mwaka 1939, kabla mwanafunzi wake hajapata umaarufu.

Hapo kijana wangu akanyamaza. Nikamwambia bado kuna mmoja, nao haukutoka Marekani. Rodgers alifariki kwa kifua kikuu mwezi Mei 1933, akiwa na miaka 35. Lakini santuri zake zilikwisha safiri, na baadhi zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya zikiwa na gramafoni za wazungu. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wakiimba juu ya kiumbe mmoja, nusu mtu nusu swala, aitwaye Chemirocha. Litamke jina hilo polepole, ndugu msikilizaji. Ni Jimmie Rodgers! Mtu ambaye hakukanyaga Afrika aliingia katika wimbo wa wasichana waliokuwa hawajawahi kumwona.

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari. Jina lililochapishwa kwenye santuri lilivuka bahari, likageuka, likacheza ngoma Kapkatet. Jina la Lesley Riddle halikufika hata kwenye karatasi ya santuri iliyotokana na sikio lake. Mashine hutunza sauti. Jina lazima mtu aliandike.

Siku hizi nyimbo hizi zote unaweza kuzisikiliza kwenye simu, na nakuomba uzitafute. Lakini tuangalie na makabatini mwetu. Kijana yule alipoinuka aliniambia kwao ipo kaseti ya arusi ya mama yake, yenye mpiga zeze ambaye hakuna amjuaye isipokuwa bibi yake, naye amezeeka sana.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, chukua kalamu. Nenda kamuulize leo, usingoje kesho."

Kwaherini, hadi juma lijalo.