Faraja ya Ndugu na Uthabiti wa Nafsi

Hapa Kiwalani mtu aliyeelemewa na huzuni mara nyingi hasemi kwamba anaumwa. Husema, "Nina mawazo." Mchungaji akilisikia neno hilo huharakisha kujibu: omba, jikaze, mtegemee Bwana. Nami nilijibu hivyo kwa miaka mingi. Jibu hilo lina ukweli, lakini humwacha mtu peke yake na mawazo yake, tena humwongezea mzigo wa kujilaumu kwamba imani yake ni haba.

Yatupasa kurudi kwenye Maungamo yetu. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, Luther aeleza kwamba Injili hutusaidia kwa njia zaidi ya moja: neno linalohubiriwa, Ubatizo, Meza ya Bwana na mamlaka ya funguo, kisha aongeza mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao. Wanafunzi wetu huzikariri zile nne na kuipita ya tano kana kwamba ni adabu njema tu. Luther hakuipita. Mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, aliyesongwa na huzuni, akimwonya aukimbie upweke na kutafuta watu wa kuzungumza na kufurahi nao. Basi uthabiti wa nafsi si mali ambayo mtu huizalisha moyoni mwake. Huupokea kwa kinywa cha mwenzake.

Jambo hili limepimwa barani mwetu. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alianza huko Mbare, Harare, kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi bencheni na watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Katika utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi 6 dalili za sonona zilionekana kwa asilimia 14 ya waliohudumiwa hivyo, na kwa asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Mitaa yetu haikosi watu. Penye msiba majirani hulala mikekani, Wakristo kwa Waislamu. Shida huanza tanga likishaanuliwa. Mjane mmoja aliniambia kwamba siku tatu za kwanza hakupata nafasi ya kulia kwa wingi wa watu, na mwezi wa pili hakupata mtu wa kulia naye.

Huo mwezi wa pili ndio wa usharika. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba iteue akina mama wawili, walewale, wamtembelee kila juma (na wasifike na bahasha za ahadi). Akitaja kujiua, au akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, apelekwe hospitali bila kukawia, na mmoja wao aketi naye kwenye foleni hadi aitwe.