Daftari la Chama Likihamia Kwenye Kompyuta: Mambo Ambayo Hata Mjuzi Husahau

Vyama vingi vya Shinyalu, kuanzia pale sokoni hadi upande wa Khayega na vijiji vinavyopakana na Msitu wa Kakamega, siku hizi hukusanya michango kwa simu. Mwanachama anatuma shilingi zake akiwa shambani ama kwa steji ya boda, ujumbe unamfikia mweka hazina, na mwisho wa mwezi inabaki kazi ya kuhesabu. Hapo ndipo kompyuta inaingia: laptopu ya nyumbani, ya ofisi, ama ile ya saiba.

Mara nyingi tumekukumbusha usimpe mtu PIN yako. Hilo unalijua. Leo tunaongea na wewe ambaye watu hukuita wakikwama: "Wewe si unajua mambo ya kompyuta, tusaidie na hizi hesabu." Ukikosea seli moja, mama aliyelipa kila mwezi anaonekana ana deni, na kwenye mkutano ni yeye atakayesimama kujitetea. Kwa hivyo hebu tuangalie mambo machache yanayowaponyoka hata wajuzi.

1. Tarehe inayohama mwezi

Ujumbe wa muamala huandika siku kwanza, kisha mwezi. 3/4/25 ni tarehe tatu Aprili. Lakini kama Windows yako iliwekwa mpangilio wa Marekani, Excel itaisoma kama tarehe nne Machi, na haitakuambia kitu. Tarehe 13/4/25 nayo itakataa kugeuka kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu, basi itabaki maandishi tu. Matokeo yake, waliolipa kabla ya tarehe 13 wanatupwa mwezi mwingine, na waliolipa baadaye hawahesabiwi kabisa ukijumlisha kwa tarehe.

Dawa ni rahisi. Fungua mipangilio ya Windows, nenda "Time & language", kisha "Region", uchague "English (Kenya)". Fanya hivyo kabla ya kubandika data, kwa sababu tarehe zilizokwisha kugeuzwa hazitajirudi zenyewe. Baada ya hapo, ingia kwenye seli uandike 3/4/25, kisha uiweke kwa muundo mrefu wa tarehe uone kama inasema Aprili.

2. Pesa ambazo ni maneno

Umebandika safu nzima ya michango, ukaandika SUM, jibu likaja sifuri. Ama limekuja, lakini ni dogo kuliko unavyojua. Angalia upande namba zilikokaa. Usipogusa mpangilio wa seli, namba halisi hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto. Kiasi kilichokaa kushoto hakihesabiwi na SUM hata kama macho yako yanakiona.

Mara nyingi mkosaji ni nafasi isiyoonekana iliyokuja na data kutoka PDF au ukurasa wa wavuti. Kama kiasi kiko D2, andika hivi kwenye safu ya pembeni:

=VALUE(SUBSTITUTE(D2,CHAR(160),""))

Ivute hadi chini, kisha ujumlishe safu hiyo mpya. Namba za simu nazo zina shida ya kinyume: Excel inazifanya hesabu na kula sifuri ya mbele. Iweke safu ya simu kuwa "Text" kabla ya kubandika chochote.

3. Muamala mmoja ulioandikwa mara mbili

Mwanachama akituma pesa, halafu akatuma tena ujumbe wa uthibitisho kwa grupu la WhatsApp, ni rahisi mweka hazina auandike mara mbili. Jina na kiasi haviwezi kukusaidia hapa, maana mtu anaweza kweli kulipa 500 mara mbili siku moja. Kinachotofautisha ni namba ya muamala, kwa sababu kila muamala una yake.

Ikiwa namba hizo ziko safu ya A, weka =COUNTIF(A:A,A2) pembeni na uivute chini. Popote panapotokea 2 au zaidi, pana marudio. Kwa jumla ya kila mtu, majina yakiwa safu ya C na jina unalotafuta likiwa G2, tumia =SUMIFS(D:D,C:C,G2). Lakini jina liandikwe namna moja tu. "Khasiala" na "Khasiala M." kwa Excel ni watu wawili. Fomula hizi zinafanya kazi pia kwenye LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure.

4. Stetimenti iliyovuliwa nguo

Stetimenti ya PDF kwa kawaida huja imefungwa kwa nywila. Wengi wanaochoka kuiandika kila mara huifungua kwenye brauza, wanaenda kuprinti, kisha wanachagua kuhifadhi kama PDF. Inafanya kazi, lakini nakala hiyo mpya haina nywila tena. Yeyote atakayeikuta ataona mshahara, deni, ada ya shule na nani alitumiwa nini.

Kama lazima uwe na nakala iliyo wazi, ifunge upya. Programu ya bure ya 7-Zip inaweza kufunga faili kwa AES-256, na ukichagua muundo wa 7z unaweza kuficha hata majina ya faili yaliyo ndani. Kwa kitabu cha Excel, nenda "File", "Info", "Protect Workbook", halafu "Encrypt with Password". Usichanganye na "Protect Sheet". Hiyo ya pili huzuia mtu asiharibu fomula kwa bahati mbaya tu, si kufuli. Na hii ya kwanza ukisahau nywila yake, hata Microsoft hawatakufungulia.

5. Ukitumia kompyuta ya saiba

Dirisha la faragha linasahau historia ya brauza, lakini halifuti faili ulizopakua. Stetimenti yako inabaki kwenye folda ya "Downloads" ikimngoja mteja anayefuata. Kabla hujalipa na kuondoka, ifute kwa Shift na Delete ili isipitie pipa la taka.

Kisha bonyeza Windows na V. Kama historia ya kunakili imewashwa, utaona hadi vitu 25 vilivyonakiliwa, na pengine nywila yako iko hapo katikati. Bonyeza "Clear all", na kama ulibandika kitu kwa pini, kifute pia. Mwisho, kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta hiyo, chukua simu yako uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kutoka hapo.

Na wewe mwenye saiba, ombi letu ni hili: safisha folda hiyo kila jioni. Wateja wanaokuja kuprinti stetimenti za kuombea mkopo wanakuamini na maisha yao. Isitoshe, Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na taarifa za watu si mali ya kuachwa ovyo.

6. Mashine yenyewe

Laptopu nyingi za mtumba bado zina Windows 10. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inahitaji TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kama mashine yako haifiki hapo, Linux Mint ni ya bure na hukaa vizuri kwenye kompyuta za zamani.

Kitu tunachokusihi uepuke ni zile programu za kuamilisha Windows au Office bila leseni. Nyingi zinakuagiza uzime kwanza kinga ya virusi. Jiulize kwa nini. Mtu aliyezimiwa taa ili aingie nyumbani kwako anaweza kuacha programu inayonakili kila unachoandika, nywila zako zikiwemo. Pia, kwenye kichunguzi cha faili, nenda "View" uwashe "File name extensions". Faili inayojiita stetimenti.pdf.exe si stetimenti.

7. Mvua, radi na stima

Upande wetu huu mvua ya alasiri huja na radi, na stima haipigi hodi ikiondoka. Excel kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Kwenye "Options", sehemu ya "Save", ipunguze iwe dakika 2. Radi ikianza, chomoa chaja kwenye soketi na uendelee kwa betri.

Halafu weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, na ya tatu mbali na hapo, kwa mfano kwenye hifadhi ya mtandaoni au flashi nyingine kwa katibu. Zote ziwe zimefungwa kwa nywila. Mara moja kwa mwezi, ifungue ile ya flashi uone kama inasoma. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu inaweza kukuangusha siku unayoihitaji.

Kabla ya mkutano ujao

Chagua wanachama watatu bila kupanga. Linganisha jumla zao kwenye kompyuta na jumbe zilizo kwenye simu zao wenyewe. Zikilingana zote, endelea. Ikikosekana hata moja, anza na tarehe, kisha namba zilizokaa kushoto, kisha marudio. Fanya ukaguzi huo kabla hujamtaja mtu yeyote kuwa ana deni. Shilingi iliyopotea kwenye seli inaweza kupatikana kwa dakika tano, lakini jina lililochafuliwa mbele ya chama huchukua muda mrefu kusafika.