"Yaya" na "Bwana": Msamiati wa Riwaya ya Mapenzi Ukifika Golf, Lubumbashi

Kisa cha baba aliyebaki peke yake na watoto, akampenda mlezi anayeishi nyumbani mwake, ni cha zamani katika riwaya ya mapenzi. Charlotte Brontë alikisimulia kwa namna yake katika Jane Eyre mwaka 1847. Wachapishaji wa Abidjan nao walianzisha mwaka 1998 mfululizo wa Adoras, riwaya za mapenzi za Kifaransa zenye mazingira ya Kiafrika. Makala haya yanauliza swali dogo tu: kisa hicho kitasimuliwa kwa maneno gani ya Kiswahili kikiwekwa Golf, mtaa wa wenye nafasi mjini Lubumbashi?

Kikwazo cha kwanza ni neno yaya. Kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, yaya ni mlezi wa mtoto aliyeajiriwa. Lubumbashi, yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume. Sentensi "alimpenda yaya wake kuliko mwanamke yeyote", isiyomshtua mtu wa pwani, huko itasomeka kama habari ya mwiko. Mtafsiri hana budi kutafuta neno jingine, na hapo historia inamngojea.

Katika Élisabethville ya wakoloni kazi ya nyumbani ilikuwa hasa ya wanaume, walioitwa maboyi hata wakiwa na wajukuu. Ni chama cha watumishi hao wa zamani kilichosimamia historia ya mji huo iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili cha huko huko. Mwanamke Mwafrika aliyeishi na Mzungu asiye na mke aliitwa kwa Kifaransa ménagère, yaani mtunza nyumba. Jina la kazi lilisitiri usuria. Watoto wengi wa mahusiano hayo waliondolewa kwa mama zao na dola. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi mwaka 2019, na Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano, kwamba tendo hilo lilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Mapenzi ya mwajiri na mtumishi chini ya paa moja, basi, si jambo jepesi kwa msomaji wa Katanga.

Neno bwana lina mkasa wake. Pwani ni mwenye amri na pia ni mume, hivyo mlezi aweza kumwita mwajiri wake "Bwana" tangu ukurasa wa kwanza hadi harusini bila kubadili neno. Lubumbashi, bwana ni mume. Mwajiri ni patron. Kwa maoni yangu matumizi haya yanamfaa zaidi mwandishi, kwani yanamlazimisha aoneshe ni lini hasa patron alikoma kuwa patron, na mshahara je?

Brontë alisawazisha mizani kwa urithi: Jane anarudi kwa Rochester akiwa na fedha zake. Golf kuna njia nyingine. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inadai mahari. Baba huyo atatoka kwenye nyumba yake yenye ukuta mrefu, aende kwa wazazi wa mwanamke aliyekuwa akimtuma, akae anapooneshwa, na asubiri msemaji wao aanze.