Kifo cha Mapafu Kinachoanzia Mguuni

Mgonjwa amelala wiki mbili kwa sababu ya mguu uliovunjika. Hana homa, anakula vizuri, anataniana na wauguzi. Asubuhi moja anainuka kwenda msalani, pumzi inamkatika, anaanguka na kufa. Madaktari wa Ulaya waliviona vifo vya namna hii mara nyingi, na maiti ikipasuliwa hukutwa bonge la damu limeziba ateri ya mapafu. Wengi waliamini kwamba bonge hilo limezaliwa palepale lilipokutwa. Mjini Paris, bingwa Jean Cruveilhier alifundisha kwamba ugonjwa wa kuvimba kwa vena ndio chimbuko la karibu kila maradhi, na neno lake lilikuwa na uzito.

Rudolf Virchow alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akipasua maiti katika hospitali ya Charité, Berlin. Yeye hakuishia kifuani. Alishuka akafungua vena za nyonga na miguu, akakuta humo mabonge mengine, baadhi yakiwa na ncha zilizokatika. Akashuku kwamba lile la mapafuni ni kipande kilichomeguka huku chini. Kuanzia mwaka 1846 akachapisha hoja hiyo, kisha akaijaribu kwa mbwa: aliingiza vipande vya mpira, vya nyama na vya damu iliyoganda katika vena ya shingo, baadaye akavikuta katika ateri za mapafu. Mpira hauzaliwi mapafuni. Sijui jaribio la karne ile lililofunga mjadala kwa urahisi kuliko hilo.

Njia yenyewe ukiifuata haina ajabu. Vena hukusanya damu kama vijito vinavyoingia mtoni: kadiri zinavyokaribia moyo ndivyo zinavyopanuka, kwa hiyo kipande kilichotoka pajani hakikwami popote. Kinapita upande wa kulia wa moyo na kusukumwa mapafuni, ambako mishipa huanza kugawanyika na kupungua upana. Hapo ndipo kinaponasa. Bonge dogo huleta kichomi na kikohozi. Kubwa huuzuia moyo kusukuma damu, na mtu anaweza kufa katika dakika chache.

Wanafunzi wa udaktari hukariri sababu tatu za damu kuganda ndani ya vena: kutuama, kuumia kwa ukuta wa mshipa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Huitwa utatu wa Virchow, ingawa yeye hakuupanga hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1856 alikuwa anaeleza zaidi yanayotokea bonge likishanasa; waliomtwika utatu huo walikuja muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1902. Hata hivyo, unaeleza mengi. Mtazame mzazi: mimba huifanya damu yake igande upesi, matayarisho ya mwili dhidi ya kutokwa damu nyingi, tumbo hukandamiza vena za nyonga, kujifungua nako huumiza mishipa. Yote matatu yamekutana kwa mtu mmoja, na hatari hupanda zaidi katika wiki za kwanza baada ya uzazi. Mguu mmoja ukimvimba, asiambiwe ni uchovu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kutuama peke yake kuna ushahidi wa kutisha. Mwaka 1940, London ikipigwa mabomu, watu walilala vituo vya reli ya chini ya ardhi, wengi wakiwa wameketi usiku kucha kwenye viti vya turubai ambavyo ubao wake wa mbele hubana nyuma ya mapaja. Daktari Keith Simpson, mchunguzi wa vifo, aliona vifo vya bonge la mapafu vimeongezeka mara sita, akaandika katika jarida la The Lancet kwamba watu wapewe vitanda. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Mguu usiposogea, pampu imezimwa.

Matibabu yalichelewa kuthibitishwa. Dawa za heparini na jamii yake haziyeyushi bonge, kama wengi wanavyodhani. Zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalimeng'enya. Mwaka 1960 Barritt na Jordan wa Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio la wagonjwa 35. Kati ya 19 wasiopewa dawa, watano waliuawa na bonge, na wengine watano walipata bonge jipya wakanusurika. Kati ya 16 waliotibiwa, hakuna aliyekufa kwa bonge. Madaktari hao wakaacha kuwanyima dawa wagonjwa wengine. Jaribio lilikuwa dogo, na utambuzi wa ugonjwa ulitegemea dalili, kwa kuwa picha za leo hazikuwapo. Mkaguzi wa sasa angelikatalia mlangoni. Lakini hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu lirudiwe, na dawa mpya zote hupimwa dhidi ya zile za zamani, si dhidi ya kutotibu.