Kanga Kuukuu na Mbao za Jahazi

Kanga ikichakaa haitupwi. Katika nyumba za Bagamoyo, Kaole na Pangani huanza kazi ya pili: hukatwa winda la mtoto, huviringwa kata ya kubebea ndoo, au huishia tambara la kudekia. Siku hizi baadhi huwa picha za kutundika ukutani.

Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno yake. Mshonaji hodari huianika kwanza mbele ya dirisha. Panapopenya mwanga mwingi nyuzi zimekwisha, na sindano ikipita patararuka. Hapo hukatwa. Kilicho imara hufuliwa, hupigwa pasi, hulazwa juu ya kaniki na kushonwa kwa mkono. Jina likikatwa nusu, ama ni uzembe ama ni mzaha wa makusudi, na wanawake wa pwani hawakosi kuutambua.

Mbao kuukuu za mashua na majahazi nazo hugeuzwa kazi za sanaa, lakini zina masharti yake. Fundi wa chombo huziba nafasi za mbao kwa pamba, kazi iitwayo kalafati, na mbao hupakwa sifa, mafuta ya papa. Misumari ya chuma huacha madoa meusi. Msanii huing'oa kabla ya kupitisha msumeno, kisha huosha ubao kwa maji baridi na kuukausha kivulini, maana chumvi huvuta unyevu na kubambua rangi. Anayepiga randa mpaka madoa yote yaishe amejisumbua bure. Angenunua ubao mpya.

Hata takataka zimepata mafundi. Huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, chombo cha plastiki iliyotupwa kilichofunikwa kwa ndala zipatazo 30,000. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Jijini Dar es Salaam, Wonder Workshop huwaajiri watu wenye ulemavu wanaounda sanamu kwa vyuma chakavu.

Kwa anayetaka kujifunza, Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na sanaa za ufundi zimo katika masomo yake.

Mnunuzi asitazame uso wa kazi tu. Aigeuze: mshono wa nyuma uwe umefungwa vizuri, na ubao usiwe na vitobo vyenye unga mpya, kwani hiyo ni dalili ya wadudu walio hai.